Darasa la Embu Liliponijibu

Bado nina hasira, na sehemu kubwa ni hasira juu yangu mwenyewe. Chuo kilinipa robo saa ya mafunzo, kisha kikaniweka mbele ya kamera hapa Meru nifundishe darasa lililoko Embu kwa setilaiti. Wao waliniona kwenye televisheni. Mimi niliwasikia kwenye spika tu. Hakuna aliyeniambia kwamba sauti huchelewa njiani.

Nikasema, "Hamjambo?" Kimya. Miaka ishirini nimeshika chaki, sijazoea kunyamaziwa. "Mnanisikia?" Ndipo wakajibu, "Hatujambo, mwalimu." Nikauliza kama wamesoma sura ya pili, wakaniambia wananisikia vizuri. Nikaamini wananichezea, na mtu wa kwetu Kibirichia hachezewi.

Mara mkuu wa kitivo akaingia na wageni waliotuletea hiyo mitambo. "Daktari Mutwiri, hebu waulize anayewafundisha leo ni nani, wageni wasikie."

Nikauliza. Kimya tena, mbele ya wageni. Sikungoja. Nikapiga meza nikafoka, "Mjinga hapa ni nani?"

Spika ikakoroma, darasa zima likajibu kwa pamoja, kwa heshima zote: "Ni Daktari Mutwiri."