Nati Zilizochomelewa

Bolti zinazofunga springi kwenye ekseli zina umbo la herufi U, na mafundi huziita yubolti. Hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na uzito wake wote, si likiwa juu ya jeki. Unakaza nati moja kidogo, unahamia ile ya upande wa pili kwa mshazari, kisha zilizobaki, halafu unarudi tena, ili bamba la chuma linalobanwa na nati hizo lishuke sawasawa. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo unarudia kazi yote, kwa sababu vyuma huwa vimekaliana na bolti zimelegea. Haya nilijifunza baadaye, peke yangu. Kaka yangu alikuwa seremala, na alikuwa na sababu ya kuharakisha.

Mama alikuwa amepooza miguu. Tuliishi milimani, juu ya Masanze, na tulikuwa tumekwisha kutangaziwa kwamba baada ya mavuno kaya zote za mlimani zingeshuka kwenye kijiji kipya bondeni. Lori lingekuja kubeba vyombo na wasiojiweza. Akiwa amekaa barazani, mama aliliona likihamisha majirani wa ng'ambo ya kijito: wazee juu ya magunia ya mahindi, kuku wamefungwa miguu, watu wamesimama wakitazama. Alituambia kwa Kikaguru, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi:

"Mimi sitapakiwa kama gunia. Mkishindwa kunishusha kama mtu, niacheni hapa hapa."

Kaka alimwahidi, na ndipo akaanza kuunda gari. Chesi, injini na ekseli alivipata kwenye vyuma chakavu vya shamba la mkonge lililokufa, upande wa Kilosa. Bodi aliiunda kwa mbao. Nyuma aliweka kiti chenye egemeo, alichokipima kwa mgongo wa mama mwenyewe na kukijaza sufi.

Springi zilikuwa zimechoka, na matairi yakawa yanagusa mbao. Kaka akalitatua hilo kiseremala: alichonga vipande vya mninga akaviweka kati ya springi na ekseli ili kuliinua gari. Ilikuwa masika, na mti ulikuwa umeangushwa juzi tu. Alipokaza, akiwa ameongeza bomba kwenye mkono wa spana, utomvu mwekundu ulichuruzika juu ya chuma. Aliamini hiyo ndiyo alama ya kukaza vizuri.

Hofu yake ilikuwa nati kufunguka kwa mawe ya njiani, au kuibwa. Siku zile nati ilikuwa adimu, na watu walizifungua hata kwenye majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Basi akaliendesha gari hadi Mikumi, ambako kando ya barabara kuu palikuwa na fundi wa kuchomelea, na nati zote zikachomelewa kwenye bolti zake. Alirudi amechangamka.

"Mama, sasa hata shetani aje na spana, hafungui."

Mama akamuuliza kama shetani naye ameandikishwa kuhamia kijijini. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kuwasikia wakicheka pamoja.

Kiangazi kilipokolea nilisikia kishindo kimoja kizito kila gari lilipoanza kwenda na kila liliposimama. Niliingia chini. Mninga ulikuwa umekauka na kusinyaa, na pale springi ilipokaa chuma kiling'aa kwa kusuguliwa. Nikagonga bolti kwa nyundo. Bolti iliyokaza hulia. Hizi zilitoa sauti ya gogo. Nilimwita kaka. Aliingiza ukucha wake katika upenyo kati ya mti na chuma. Nati zisingeweza kugeuka tena. Kilichobaki kilikuwa kukata bolti na kutia nyingine, na nyingine hazikuwapo. Alizitafuta madukani Kilosa, akaenda mpaka karakana ya shamba la mbegu Kilangali, akarudi mikono mitupu. Lori lilikuwa limetangazwa kuja kesho yake.

Nilimwambia gari lile lisishuke mlima.

"Nitapiga kabari za chuma," alisema. "Zitufikishe bondeni tu. Tukingoja, watampakia."

Asubuhi tulimkalisha mama kwenye kiti chake, amevaa kitenge kipya. Kaka aliendesha polepole; mimi nilitembea nyuma na nyundo, nikizirudisha kabari zilipochomoza. Mama alisalimiana na watu kama anayekwenda kanisani. Kwenye kona ya chini ya kijito kaka alikanyaga breki, kabari za kushoto zikaruka, ekseli ikateleza upande huo, na gari likajigeuza lenyewe likajikita kwenye ukingo. Mama hakuumia. Alibaki kitini, ameinama kidogo. Gari lilikuwa limeziba njia, na nyuma yetu lori lilikuwa linashuka.

Vijana walioteremka hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alimwitikia kila mmoja.

Kisha wakamshika kwapani na magotini, wakampitisha juu ya ubavu wa lori kwa mikono iliyongoja, wakamlaza juu ya mahindi. Niliomba kiti nacho kipakiwe. Dereva akasema hakuna nafasi. Mama alijifunika khanga usoni. Kaka alisimama njiani na kabari mkononi mpaka lori lilipolisukuma gari kando na kupita.

Mvua za mwaka uliofuata kaka alipata bolti. Tulizikata zile za zamani kwa msumeno, tukatupa mninga, tukaweka vipande vya chuma, tukakaza gari likiwa chini, kwa mshazari, na tukarudia baada ya mzigo wa kwanza. Gari lilipeleka wagonjwa wengi Kilosa. Kila kaka alipomkaribisha apande, mama alijibu kwamba amepumzika.

Alipofariki tuliruhusiwa kumzika mlimani, karibu na baba. Kabla ya kuondoka niliingia chini na nyundo nikagonga bolti moja moja. Zote zililia. Kaka alisikia, akapanda, akawasha. Kiti cha sufi tulikuwa tumekitoa ili jeneza lienee.