Jani la Isale Nililompelekea Mwalimu

Ule wimbo wa matoleo ulionipa jina si wangu. Watu huniita mtunzi, huniketisha viti vya mbele kwenye sherehe za kwaya, nami hukaa bila haya.

Aliutunga mwalimu wangu wa kwaya kule Kibosho, kwa penseli, kwenye daftari la hesabu. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo mimi ndiye niliyemnakilia nota. Wimbo ulikuwa bado haujaimbwa na yeyote. Nyakati hizo kaseti zilikuwa zimepamba moto, na kwaya ya mjini niliyoifundisha ilitafuta wimbo wa kurekodi. Nikaunakili upya, na pale juu kulia, mahali pa jina la mtunzi, nikaandika langu.

Kaseti ikavuma. Maduka ya Majengo, kule mjini, yaliipiga kutwa, hata redioni ikasikika, na mwalimu alikuwa na redio.

Miaka minne sikupanda Kibosho. Nikiulizwa, nilisingizia barabara. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, basi nikaugulia peke yangu mpaka nikachoka. Siku moja nikakata jani la isale mpakani mwa kihamba chetu, shamba letu la migomba, nikalifunga fundo, nikaenda. Kwetu anayekuja na isale hafukuzwi. Husamehewa, ila sharti ataje kosa lake mwenyewe.

Nilimkuta barazani, redio pembeni yake.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Ni wewe, mwanangu?”

Nikamwekea jani kiganjani. Akalipapasa mpaka kwenye fundo.

“Umenikosea nini?”

Maneno nilikuwa nimeyakariri tangu Moshi mjini. Nikasema, “Nimekaa miaka minne bila kuja kukusalimu.”

“Hilo tu?”

“Hilo tu, Mwalimu.”

Alilipapasa tena lile fundo, kisha akanisamehe. Akamwomba mkewe atuletee mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilikunywa, mwizi mimi, tena nikaisifia.

Mwaka uliofuata alifariki. Kwaya ya parokia iliuimba wimbo ule kwenye misa ya mazishi, na kabla ya kuanza mwenyekiti wao akalitaja jina langu. Nilitamani ardhi inimeze. Tulipotoka makaburini mjane wake aliniita kando, akafungua fundo la khanga, akanipa lile jani, limekauka, bado limefungwa.

“Alisema nikurudishie. Alisema kazi ya jani hili haijaisha.”

Mama yule alisimama mbele yangu, akingoja. Nami nikamwambia asante.