Mama wa Mikanda Minne

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi na chama cha ushirika kikafa, Kristofa, aliyekuwa karani wa chama, alijipatia kamera kuukuu ya video kutoka Mwanza. Alianza na harusi za watu, kisha akajitungia vichekesho. Katika miaka mitano alitoa mikanda minne, jina lake likavuma hadi Maswa.

Aliyemfumbua macho, tena bila kukusudia, ni Joyness, mwenye kibanda cha kuonyeshea video.

"Kaka, mkanda ujao usimwache yule mama wa kijijini. Yumo katika yote minne! Anaingia na kapu lake, anasalimu Kisukuma, 'Mwangaluka,' hakuna anayemwitikia. Watu hapa mbavu hawana."

Kristofa alibisha. Akaenda kuiangalia upya. Wa kwanza ofisini, wa pili harusini, halafu hospitali, halafu kanisani. Mama yuleyule, salamu ileile, kimya kilekile. Alikumbuka uwanja wa shule ya sekondari, mama yake Nyanjige ametoka Lalago kwa miguu na kapu la michembe ya viazi, akisalimu vilevile, na yeye Kristofa akawaambia wenzake, "Huyo ni mfanyakazi wa nyumbani kwetu."

Mwezi uleule Nyanjige alikuja mjini kutibiwa macho. Kabla Kristofa hajawahi kumzuia, majirani walishampeleka kibandani kuona kazi za mwanawe. Kristofa alisimama mlangoni akiomba umeme ukatike. Haukukatika. Watu walipocheka, mama naye alicheka, mdomo ameufunika kwa khanga.

Nyumbani, wakiwa mezani, Kristofa alirudisha tonge sahanini.

"Mayu, yule mwanamke..."

"Ni mimi," alisema Nyanjige. "Hata kilemba umemfunga kama changu."

"Siku ile shuleni nilidhani Kiswahili hukijui."

"Neno 'mfanyakazi' nilikuwa nalijua, mwanangu. Baba yako alikuwa mfanyakazi wa jinari, kiwanda cha pamba. Nilinyamaza nisikuharibie kwa wenzako."

Kristofa alilia kilio kibaya cha mtu mzima, uso kaugeuzia ukutani. Mama akamsogezea bakuli.

"Kula. Mlenda unapoa."

Hakutunga kichekesho tena; alirudia kurekodi harusi za watu. Alimsihi Joyness aache kuonyesha ile mikanda, naye akakubali, lakini nakala zilishafika hadi Mwandoya. Kila Kristofa alipokuta watu wamejazana mbele ya televisheni wakicheka, alivuka barabara akapita upande wa pili, macho chini.