Sauti ya Rachida Ndani ya Simu

Rachida alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, mbele ya meza yake, sokoni Kasuku, aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu ya mtu mwingine.

"Njo nini hiyo? Sijaelewa. Nielezee tena."

Wanafunzi watatu wenye mashati meupe walikuwa wameegemea pikipiki, wanacheka mpaka machozi. Mmoja akaiambia simu kwamba jani hupika chakula chake kwa mwanga wa jua. Simu ikamjibu kwa sauti ileile: "Na usiku je, linalala njaa?"

Mchi ukabaki hewani. Maneno hayo Rachida aliyasema jikoni kwake, akimwambia binti yake Christelle, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa taifa.

"Eh, mama sombe!" mwenye pikipiki akapaza sauti. "Kumbe weye njo mwalimu siku hizi? Mwalimu asiyejua kitu!"

Rachida akaacha sombe kinuni, akakaza kitenge, akashika njia ya shule ya binti yake.

Vita ilipoingia mji wao wa Kindu, alikuwa msichana mdogo. Baba yao alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja. Akamchagua Bulaimu, mdogo wa Rachida, na Rachida mwenyewe akatwikwa chumvi kwenda kuuza Kalima ili ada ipatikane. Safari moja askari walimwaga chumvi, wakamtwika risasi zao. Hakuna aliyemuuliza, baba wala askari. Aliambiwa atasoma vita ikiisha. Vita iliisha, Bulaimu akawa mwalimu, yeye akabaki na mchi. Na sasa hata mtoto wa tumbo lake amechukua sauti yake bila kuuliza.

Aliwakuta darasani wawili tu, Christelle na mjomba wake Bulaimu. Walikuwa wakisubiri wageni watakaochagua wazo la mwanafunzi mmoja, walisaidie lifike kwenye simu za wanafunzi wa jimbo zima la Maniema.

"Futa," Rachida alisema.

Christelle hakujifanya kutoelewa. "Mama, mimi somo linaniingia nikikueleza weye. Wenzangu hawana mutu wa kuwauliza, nikawapa programu yangu waijaribu. Inafanya vile unafanya: mwanafunzi anaeleza, yenyewe inamuuliza mpaka aelewe kweli."

"Simu uliiweka wapi ukinirekodi?"

"Nyuma ya sufuria."

"Kama mwizi."

"Yaya ana haki," Bulaimu akaingilia, kwa jina alilomwita dada yake tangu utotoni. "Tangu jana ninamwambia aitoe. Nitaweka sauti yangu, kwa Kifaransa safi. Wageni wasikie kwamba kwetu hatukusoma?"

Rachida akamgeukia. "Hatukusoma? Sema yaya hakusoma. Weye ulisoma, Bulaimu. Chumvi ilinipukutisha nywele hapa utosini ili usome."

Bulaimu akafuta vumbi la chaki mikononi, ingawa halikuwepo.

"Futa," Rachida akarudia.

Christelle akafuta. Machozi yalidondokea kioo cha simu, akayapangusa kwa kidole, akaendelea, sauti moja baada ya nyingine, mpaka programu ikawa bubu. Akamwonyesha mama yake kioo kitupu. Nje, gari la wageni likaingia uani.

"Leta hapa haraka, niseme mimi," Bulaimu akanyoosha mkono.

Christelle akaificha simu mgongoni. Akamtazama mama yake.

"Mama, ninakuomba. Utanipa sauti yako?"

Milango ya gari ikafungwa. Mkuu wa shule akasikika akiwakaribisha wageni. Rachida alikuwa na majibu mengi ya kukataa, aliyoyatunza miaka yote hiyo, lakini hakuna hata moja lililofaa kwa mtu aliyeomba.

"Kule sokoni watanicheka," alisema.

"Ndiyo, mama. Watakucheka."

Kama Christelle angemwambia hapana, hawatakucheka, Rachida angeondoka. Lakini mtoto hakumdanganya.

"Yaya, fikiri," Bulaimu alinong'ona. "Jina la familia."

Hatua za wageni zilisikika barazani. Rachida akavuta benchi la mbele, lile la watoto, akaketi, magoti yakamfika karibu na kifua. Hakuwahi kuketi juu ya benchi la namna hiyo.

"Washa," alimwambia binti yake. "Lakini siulizi kitu nisichotaka kujua. Unifundishe kwanza, hao wageni wakiwa wanaona."

"Nianzie wapi, mama?"

"Kwa yale yaliyoandikwa pale. Bulaimu, sogea. Unaniziba ubao."