Kovu la Jenipher

Akina mama wa Mitole walimwogopa Bibi Consolata kwa swali moja tu: "Kadi iko wapi?" Miaka kumi na minne alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, na ole wako uchelewe kumpeleka mtoto kliniki. Angekusema mbele ya wakwe mpaka utamani ardhi ipasuke.

Na kumbe kadi yenye uongo ilikuwa nyumbani kwake. Mjukuu wake Jenipher alizaliwa shambani wakati wa masika, mto umefurika, hakuna pa kupita. Alipofikishwa kliniki miezi mingi baadaye, jipu lilikuwa limemwachia kovu la duara kwenye bega la kulia, palepale chanjo ya kifua kikuu inapoacha alama. Nesi akaliona, akaandika amechanjwa. Consolata alifungua mdomo, akaufunga. Angewaambia nini wale aliowagombeza?

Miaka minane baadaye watafiti wakaja shuleni, wanataka kujua chanjo hiyo ikitolewa umri wa shule inakinga kiasi gani. Wasio na kovu wangepimwa, na wasio na maambukizi wangechanjwa. Jenipher akaonyesha bega lake, akarudishwa darasani huku anawacheka wenzake wanaolia.

Consolata, aliyekuwa akiwapanga watoto foleni, alimtazama akienda, moyo ukamuuma. Mwaka juzi alimbeba hadi hospitali mtoto wa jirani ambaye kifua kikuu kilimpanda kichwani. Ugonjwa wa namna hiyo ndio ambao chanjo huwakinga watoto nao zaidi, mwenyewe alikuwa akiwahubiria wenzake. Mtoto yule hakurudi.

"Nesi, mrudishe Jenipher," alimwambia nesi wa watafiti. "Lile ni kovu la jipu. Hajachanjwa, na mimi nilijua siku zote."

Benchi zima la akina mama walioleta watoto likamgeukia. Moza, aliyewahi kusemwa naye mpaka akalia, alikuwa amekaa mbele kabisa.

Baada ya siku mbili kipimo kikaonyesha Jenipher hana maambukizi. Consolata alikwishashika watoto wa watu kwa mamia wakichomwa, lakini huyu wake alimshinda; alimwachia kila sindano ilipokaribia. Moza akamtoa mtoto mapajani mwake, akampakata, akampandisha mkono wa shati.

"Kadi iko wapi, mama?" akauliza, kwa upole.

Consolata akaichomoa kifuani, imelowa jasho, akampa.