Siku Nilipoitwa Jukwaani kwa Jina la Mdogo Wangu

Mpaka leo nikikumbuka najifunika uso kwa mikono, lakini acha niwasimulie mwenyewe, maana hapa mtaani kwetu Berea wote wameshasikia na kila mtu anaongeza chumvi yake.

Mwaka 2017 mdogo wangu Mapendo alimaliza kusomea sheria hapa Johannesburg, akaalikwa kujiunga na chama cha heshima cha wahitimu wa sheria (huombi kuingia, wenyewe ndio wanaochagua waliofaulu kupita wenzao). Mimi ni msusi, nilitoka naye Bukavu akiwa bado mtoto, kwa hiyo siku ya kuapishwa kwake nilivaa kitenge kipya, na koti nikaliacha nyumbani lisije likakificha. Eish, baridi ya Juni! Tuko mlangoni mwa ukumbi, Mapendo, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa, akanipa joho lake, "Yaya, nishikie, naenda chooni mara moja," nami nikalivaa nijipashe joto kidogo tu.

Papo hapo bwana mmoja wa itifaki akanishika kiwiko, "Umechelewa, wenzako wameshapanga mstari!" na kabla sijapata Kiingereza cha kumjibu nimeshaingizwa ndani, watu wote wamesimama, majaji wamejipanga jukwaani na majoho yao, na mimi (msinicheke) badala ya kukimbia nikaduwaa, nikatembea na mstari huku machozi yananilengalenga kwa uzuri wa mambo yale.

"Mapendo Bahati!"

Nikasukumwa mbele. Jaji mmoja, mama mwenye mvi, akanyoosha utepe anivishe, nami nikatamka, tena kwenye maikrofoni, "Mimi si yeye. Yeye yuko chooni."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mlangoni nikamwona Mapendo, hana joho, ameshika kichwa. "Yaya! Mungu wangu!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Yule jaji hakucheka. Aliniuliza polepole mimi ni nani kwa Mapendo.

"Dada yake. Mimi ndiye nimemlea."

Akamwita Mapendo apande, akanikabidhi utepe. "Basi mvishe wewe."

Nikavua joho, nikamvika, na mikono hii inayosuka vichwa kutwa ikaufunga utepe upande. Kisha Mapendo akageukia watu, akala kiapo kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, imetulia, haiogopi mtu, na majaji wale wakubwa wakainama mbele kumsikiliza. Mtoto niliyekuwa nambeba mgongoni!

Nimeapa, nikialikwa tena mahali kama pale nakaa nyuma kabisa. Ila siku ile walinishusha jukwaani kwa kunibembeleza, maana sikuweza kuacha kumtazama.