Okidi ya Dominic katika Tuta la Muhogo

Claudia wa Mnyambe, kule Newala, alikuwa na mti mmoja ambao hakutaka mtu ausogelee na panga. Ulikuwa mkorosho wa kawaida nyuma ya nyumba, tena mvivu wa kuzaa. Ila kwenye panda lake ilikaa okidi, ua liotalo juu ya miti, aliyoifunga mwanawe Dominic kwa kamba ya katani, wiki ile aliyovuka Ruvuma kwenda kuwabebea mizigo wapigania uhuru wa Msumbiji. Tangu hapo hakuna salamu wala habari zake.

Dominic alikuwa amefanya kazi ya bustani kwa padri mmoja kule Masasi, na alimwachia mama yake maagizo kama mtu anayeacha mtoto mchanga. Maua yakishanyauka, kata kikonyo chake tu, kwa wembe uliopitishwa motoni. Mashina manene usiyaguse, hata yakipukutika majani, maana chipukizi jipya linakula humo. Na udongo usiipe kabisa, mizizi yake inataka hewa. Claudia aliyashika hayo kuliko katekisimu. Kila mwaka maua ya manjano yenye madoa yalipokwisha, alikata kikonyo, akangoja chipukizi, na akiliona hujiambia mtoto yu hai. Alijua ni ujinga. Lakini bila ujinga huo asingepata usingizi.

Ikaja Operesheni Vijiji. Watu wahamie barabarani, nyumba zikae mstari mmoja, na lori la serikali halina muda wa kumngoja mtu aage mkorosho. Okidi ndiyo kwanza ilikuwa imemaliza kuchanua. Claudia alipakiwa na vyombo katika safari ya kwanza. Mumewe, Selestini, akabaki kung'oa milango.

"Baba Dominic, ile ya mtoto nitaifuata mwenyewe," alimwambia. "Usiiguse."

Selestini alikuwa mkulima hodari, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kesho yake Claudia aliporudi kutoka bondeni kuchota maji, alimkuta amekwisha kufika, anacheka mpaka magego yanaonekana. Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba mpya. Matuta mabichi yalikuwa yamepangwa vizuri.

"Nikaona, ya nini kuhangaika na moja?" alisema. "Nimeikata vipande, kama muhogo. Tutakuwa na shamba zima la Dominic!"

"Na mizizi?"

"Ile minyuzinyuzi? Mikavu, haina kitu. Nimeitupa kulekule."

Claudia alitaka kupiga kelele. Akaitazama mikono ya mumewe, imejaa udongo mwekundu hadi kwenye viwiko. Tangu mtoto aondoke, mwanamume yule hakuwa amelitamka jina lake hata mara moja, na leo amelitamka akicheka. Ungemwambia nini mtu huyo?

"Ahsante, Baba Dominic," alisema.

Newala maji hufuatwa bondeni na kupandishwa kichwani, lakini kila jioni Selestini aliyamwagilia matuta yale bila choyo. Siku moja alipokwenda kwenye mkutano wa kijiji, Claudia alifukua kipande kimoja. Kilikuwa laini, kinanuka, kikamvunjikia mkononi. Akafukua cha pili, nacho vilevile. Alikaa chini akalia kwa uchungu, kisha akavifukia na kulisawazisha tuta kama mumewe alivyoliacha.

Mvua zikaja, zikaisha. Msumbiji ikapata uhuru wake, na vijana wa watu wakaanza kurudi, wengine wakipita mbele ya nyumba yao na mabegi mgongoni. Dominic hakuwamo, na kila waliyemuuliza hakumjua.

Jioni moja Selestini aliinama juu ya matuta yake kwa muda mrefu.

"Mama Dominic, mbona vinachelewa hivi?" alisema. "Au maji hayatoshi?"

Claudia alimtazama. Kisha akachukua ndoo, akashika njia ya bondeni.